Kibali Kinaishaje Wakati Barabara Ipo?

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: vibali vya kuvuka mpaka kwa malori na mabasi. Mimi nimekaa kwenye meza ya vibali ya kampuni za uchukuzi kwa miaka 22, nikijaza fomu, nikifuatilia mihuri, nikipokea simu za madereva saa nane za usiku. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake yamo majibu ya barua nyingine nyingi ambazo sikuzichapisha.

*"Shikamoo mama. Nina malori mawili yenye matrela. Leseni ya uchukuzi ninayo, bima ya kuvuka mpaka ninayo, madereva wangu wana pasi, na shehena ilikuwa na dhamana ya forodha ya TIR. Nilipokwenda kuomba kibali cha nchi jirani niliambiwa mgao wa mwaka umekwisha, nirudi Januari. Ilikuwa Septemba. Mteja wangu akampa mzigo mtu mwingine. Kibali si karatasi tu? Karatasi inaishaje wakati barabara ipo na lori lipo?"*
— Mwenye malori mawili

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mteja. Najua ilivyo kumwona mtu uliyemhudumia miaka akipakia kwenye gari la mwingine, na hukumkosea chochote.

Jambo la kwanza: karatasi uliyonyimwa haikuwa mali ya ofisi iliyokunyima. Katika makubaliano mengi ya nchi mbili za jirani, kila nchi huchapa vibali vyake yenyewe, ikavipiga muhuri, kisha ikaikabidhi nchi ya pili fungu lake la mwaka. Ofisi ya kwenu hugawa tu. Kibali ulichokuwa ukikiomba ni ruhusa ya jirani ya kulipokea lori lako kwenye barabara yake, na jirani alikwisha kutoa zile alizoahidi. Karani wa dirishani, hata angekuwa ndugu yako wa tumbo moja, asingeweza kuchapa nyingine.

Idadi huamuliwa na kamati ya pamoja ya pande mbili, ambayo kwa kawaida hukutana mara moja kwa mwaka. Hapo ndipo penye mzizi wa tatizo lako. Kanuni inayotawala vikao hivyo ni nipe nikupe: wewe ukinipa elfu kumi, nami nakupa elfu kumi. Inasikika kuwa haki, na kwa heshima ya serikali mbili ni haki kweli. Lakini biashara haitembei sawa kwa sawa. Upande mmoja unauza zaidi, au una malori mengi zaidi, au wateja wanawapenda wasafirishaji wake kwa sababu nauli yao ni nafuu. Upande huo humaliza fungu lake mapema, na ule mwingine hufika Desemba ukiwa na mabunda ambayo hayajafunguliwa. Septemba yako ilitengenezwa siku ile walipoandika namba mbili zinazolingana.

Wengi huniuliza, kwani sheria za dunia hazimpi mtu haki ya kupita? Zinatoa, kwa masharti. Mkataba wa Barcelona wa mwaka 1921 ulizungumzia uhuru wa kupita, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika ibara ya 125, unazipa nchi zisizo na pwani haki ya kufika baharini kwa kupita katika nchi za jirani. Ibara hiyohiyo inasema namna ya kuitumia haki hiyo itakubaliwa baina ya nchi zinazohusika. Kwa hiyo unarudishwa palepale, kwenye makubaliano ya majirani. Wala usidhani hili ni la mataifa tu. India ni nchi moja, lakini kifungu cha 88 cha Sheria yake ya Magari ya mwaka 1988 kinasema kibali cha jimbo moja hakina nguvu katika jimbo jingine mpaka mamlaka ya huko ikiidhinishe, na majimbo jirani huandikiana makubaliano ya njia zipi na magari mangapi.

Sasa TIR. Hapa wenye malori wengi huumia, kwa hiyo nisome polepole. Mkataba wa TIR wa mwaka 1975 unahusu forodha. Daftari lake linawaambia maofisa wa njiani kwamba shehena imefungwa kwa lakiri, na kwamba kodi ikipotea yuko mdhamini wa kuilipa. Linaulinda mzigo usifunguliwe kila mpaka. Halisemi neno hata moja kuhusu haki ya lori lako kufanya biashara katika nchi ya watu. Forodha ni mlango mmoja, uchukuzi ni mlango wa pili, na bima ni wa tatu. Kadi ya kijani ya Ulaya imekuwa ikitumika tangu 1953, Afrika Magharibi wana kadi ya kahawia kwa itifaki ya 1982, na nchi za COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, wana kadi ya njano. Zote hizo humlinda atakayegongwa. Hakuna hata moja inayochukua nafasi ya kibali cha uchukuzi. Wewe ulikuwa na funguo mbili za milango mitatu.

Kuna na la aina. Vibali havifanani, na ukiomba aina isiyo yako utapoteza wiki. Kipo cha nchi kwa nchi: unapeleka mzigo kwa jirani na mara nyingi unaruhusiwa kurudi na mzigo kutoka kwake. Kipo cha kupita tu, ambacho hakikuruhusu kupakia wala kushusha njiani. Kipo cha nchi ya tatu, pale unapotoa mzigo kwa jirani na kuupeleka kwa mwingine asiye wewe wala yeye. Hiki ndicho adimu kuliko vyote, kwa sababu unawanyang'anya riziki wasafirishaji wa nchi mbili kwa mpigo. Na mahali pengine hata kuingia na gari tupu kwenda kupakia kunataka kibali chake. Nimewahi kuona mtu akiambiwa mgao umekwisha, kumbe uliokwisha ni wa nchi kwa nchi, na mzigo wake ulikuwa wa kupita, ambao vibali vyake vilikuwa vimejaa kabatini. Kwa hiyo usiulize "vibali vipo?" Uliza kila aina kwa jina lake.

Ufanye nini mwakani? Ulizia kamati ya pamoja inakutana lini, kisha kabla ya siku hiyo peleka maandishi kwenye chama chenu cha wasafirishaji: safari ulizofanya, ulizokosa kwa sababu ya mgao, na tarehe ambayo vibali vilikwisha. Wajumbe wa kikao huwa na maneno mengi na takwimu chache, na karatasi yenye tarehe hubebwa mpaka mezani. Pili, rudisha vibali ulivyovitumia vikiwa na mihuri yake, tena upesi. Ofisi nyingi humpunguzia mgao asiyerudisha, kwa sababu hazina njia nyingine ya kujua kama kibali kilifanya kazi au kiliuzwa kichochoroni. Tatu, angalia kama nchi yako imo katika mpango wa nchi nyingi. Ulaya wanao mmoja ulioanza mwaka 1974, sasa unasimamiwa na Jukwaa la Kimataifa la Uchukuzi lenye makao Paris. Kibali kimoja chake hutumika katika nchi wanachama, lakini gari likishafanya safari tatu zenye mzigo nje ya nchi yake lazima lirudi nyumbani.

Na kama mgao umekwisha kabisa, usimwache mteja aondoke mikono mitupu. Tafuta mwenzako wa upande wa pili mwenye vibali, mkutane mpakani, trela lako livutwe na kichwa chake, ikiwa sheria za pande zote mbili zinakubali. Utagawana naye nauli. Lakini mteja atabaki na namba yako ya simu.

*"Mama, mimi ni dereva wa basi la kukodi. Tulipeleka kwaya nchi jirani kwa siku nne bila kuombwa kibali chochote, orodha ya abiria tu. Safari nyingine nilishusha kundi, nikarudi, na njiani nikapakia watu kumi na mmoja waliokuwa wamekwama kituoni. Mpakani nilitozwa faini kubwa na basi likazuiwa. Kwa nini safari ya kwanza sikuulizwa na ya pili nikawa mhalifu?"*
— Dereva wa basi la kukodi

Kwa sababu machoni pa makubaliano hizo ni biashara mbili tofauti kabisa, japo basi ni lilelile na usukani ni uleule.

Kundi lililoondoka pamoja, likatembea pamoja, likarudi pamoja ndani ya basi hilohilo halimnyang'anyi mtu abiria. Ndiyo maana makubaliano mengi huliachia lipite kwa orodha ya majina tu. Mkataba wa Interbus, unaotumika Ulaya tangu 2003, umeliweka wazi kundi la namna hiyo: milango inafungwa mnapoondoka na inafunguliwa mnaporudi. Ulipopakia wale kumi na mmoja, ulijigeuza basi la njia, na basi la njia lina mwenyewe, mwenye ratiba, vituo na kibali alichokisubiri pengine miezi. Najua uliwahurumia. Ningekuwa abiria ningekushukuru. Lakini yule mwenye njia naye ana madereva wanaotegemea viti hivyo, na makubaliano yaliandikwa kwa ajili yake pia.

Siku nyingine piga simu kwa mwenye njia, umwambie kuna watu wamekwama. Na orodha ya abiria usiiongezee jina kwa kalamu baada ya muhuri. Hiyo ni kesi nyingine, na ni nzito kuliko hii.

*"Mimi ni mwanafunzi wa uchumi. Nikisoma mambo haya naona vibali ni kizuizi tu. Kwa nini majirani wasivifute, kila lori liende litakapo, na bei ya usafirishaji ishuke?"*
— Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Swali lako nalipenda, na nusu yake nakubaliana nayo. Waliovifuta wapo. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilipofika tarehe 1 Januari 1993 ziliacha kuhesabiana malori, na mwenye leseni ya jumuiya akawa anavuka bila mgao. Malori hayakula barabara zote. Biashara ilikua.

Lakini tazama walichokibakiza. Lori la nchi moja likishashusha mzigo katika nchi nyingine, linaruhusiwa kubeba mizigo ya ndani ya nchi hiyo mara tatu tu katika siku saba, na tangu Februari 2022 likimaliza lazima likae siku nne kabla ya kufanya tena hivyo na gari lilelile katika nchi hiyo. Wataalamu huita kazi hiyo kabotaji. Sababu yake ni mshahara. Dereva anayelipwa kwa viwango vya nchi ya mishahara midogo akihamia moja kwa moja kwenye kazi za ndani za nchi ya mishahara mikubwa, dereva mwenyeji hawezi kushindana naye hata akijinyima chakula. Kwa hiyo mgao wa mpakani ulipoondoka, kizuizi kilihamia ndani.

Mfano mwingine ni wa juzi. Vita vilipozifunga bandari za Ukraine, Umoja wa Ulaya ulitia saini nayo makubaliano mjini Lyon, tarehe 29 Juni 2022, yaliyoondoa vibali kwa safari za nchi kwa nchi na za kupita. Nafaka na mafuta vilihitaji barabara haraka, na hakuna aliyekuwa na muda wa kuhesabu karatasi. Hata hivyo Novemba 2023 wasafirishaji wa Poland walifunga njia za mpakani wakidai vibali virudishwe, kwa sababu kazi zao, walisema, zilikuwa zimechukuliwa. Foleni zilijaa madereva waliolala kwenye baridi. Mimi niliumia kwa pande zote mbili. Yule wa Ukraine alikuwa akiilisha nchi iliyo vitani, na yule wa Poland alikuwa na mkopo wa lori benki.

Wapo pia waliokataa kufuta, kama Bhutan, jirani mdogo wa India. Tarehe 15 Juni 2015, mjini Thimphu, Bangladesh, Bhutan, India na Nepal walitia saini makubaliano ya kuyaachia magari yao yavukiane. Baraza la juu la Bunge la Bhutan likayakataa mwaka uliofuata, na mwaka 2017 serikali yake ikawaambia wenzake waendelee bila yeye. Nchi ndogo ya milima ilihofia malori ya jirani mkubwa yangezijaza barabara zake, yangechafua hewa, na kuwaua wasafirishaji wake wachache. Ukiwa karibu na tembo lazima ujue analalia upande gani.

Kuna njia ya katikati, nayo naiona nzuri. Hong Kong na Guangdong, jimbo la China lililo jirani yake, ziko chini ya taifa moja, lakini zina sheria mbili za barabara, na hata upande wa kuendesha ni tofauti. Kwa miaka mingi gari dogo la mtu binafsi lilihitaji nafasi katika mgao, na nafasi hiyo ilikuwa ghali na adimu. Tangu Julai 2023 magari ya Hong Kong yanaweza kuvuka daraja la Zhuhai kwenda Guangdong bila nafasi ya kudumu, mradi mwenye gari ajiandikishe na kuweka siku yake mapema. Waliona kinacholemea ni msongamano wa siku fulani, wakaupanga kwa siku.

Ukiniuliza mimi, mwanangu, ningefuta mgao wa vibali vya kupita kwa nchi zisizo na pwani, leo, bila kikao. Umoja wa Mataifa unahesabu nchi zinazoendelea zisizo na pwani kuwa 32, na kila moja inalipia jirani yake kwa kila mfuko wa mbolea. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi walionesha mapema kwamba inawezekana kukaa meza moja, walipotia saini mwaka 1985 makubaliano ya ushoroba wa kaskazini unaoanzia bandari ya Mombasa. Mzigo unaopita haumnyang'anyi mwenyeji mteja wake, na barabara hulipiwa kwa ushuru wa barabara. Kabotaji ningeiachia mipaka yake mpaka mishahara ikaribiane. Na katika utafiti wako usisahau mizani. Ulaya, lori la safari za kimataifa kwa kawaida huishia tani 40. Afrika Mashariki, lenye ekseli saba hufika tani 56. Unaweza kuvifuta vibali vyote, na lori likakwama bado pale majirani waliposhindwa kukubaliana kuhusu uzito.

*"Shikamoo mama. Ndiyo kwanza nimeanza kazi ya ukarani wa vibali. Bosi anasema trela likiharibika tunaweza kuweka jingine kwa kibali kilekile, maana kichwa ni kilekile. Ni kweli?"*
— Karani mgeni kazini

Marahaba. Inategemea kilichoandikwa kwenye kibali chenyewe. Makubaliano mengine hukiambatanisha kibali na kichwa tu. Mengine hutaka namba ya kichwa na ya trela, na hapo trela jingine ni gari jingine. Mengine hayaruhusu hata kufuta herufi moja. Soma upande wa nyuma wa karatasi, ule wenye maandishi madogo, kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, hata bosi wako. Kubadilisha mwenye kibali ndiko kusikokubalika kabisa: kibali ni cha kampuni iliyoandikwa juu yake, hakiazimwi wala hakiuzwi.

Nitakueleza kwa nini nasema hivi kwa ukali. Mwaka wangu wa tatu kazini trela lilipasuka springi asubuhi ya safari, wakaweka jingine. Nilikwishaandika kibali jana yake. Niliambiwa na watu wa gereji, nikasema moyoni kichwa ni kilekile, nikakipa kile kibali dereva. Mpakani wakasoma namba ya trela, haikulingana. Kosa lilikuwa langu, la mtu aliyekuwa amekaa kitini kwenye kivuli. Aliyelilipia ni yeye. Alikaa pale usiku tisa akilinda mzigo, akila alichopewa na madereva wenzake, mpaka kibali kingine kilipopatikana. Mke wake alijifungua usiku wa sita. Aliporudi hakunigombeza. Aliniuliza tu kama siku hizo tisa zitahesabiwa kuwa za kazi.

Nilipigania zihesabiwe, zikahesabiwa. Tangu siku ile sikabidhi kibali nikiwa mezani. Naichukua karatasi, nashuka nayo uwanjani, nasimama mbele ya kichwa nasoma namba kwa sauti, nazunguka nyuma ya trela nasoma na ile ya huko, na dereva ananifuata kwa kidole kwenye karatasi yake. Ni kazi ya dakika nne. Fanya hivyo hata mvua ikinyesha.